Mint inakubali paswadi kisha inanirudisha palepale (stima ilipotea)

saiba_ya_kona · Jumatatu, saa 2:50 asubuhi

Wadau, habari za asubuhi. Nina saiba ndogo huku Umoja. Mashine ni laptopu za mtumba, zile za ex-UK. Zilikuwa na Windows 10, na ilipojulikana kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wanaacha kuihudumia, nikaona hizi zangu ni Intel za kizazi cha saba, Windows 11 haizitaki. Nikaziwekea Linux Mint 21.3 Xfce zote. Zimetulia, sina lalamiko.

Sasa jana jioni stima ilipotea. Mashine ya karibu na mlango betri yake ilikufa kitambo, inaishi kwa chaja tu, kwa hivyo ilizimika hapo hapo. Leo nimeiwasha, ikafika vizuri mahali pa paswadi. Naandika, skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu narudishwa palepale. Sikosei paswadi, kwa sababu nikiandika visivyo makusudi inaniambia nimekosea. Nikiandika sahihi haisemi kitu, inanizungusha tu.

Nina foleni ya watu wa KRA (mamlaka ya kodi) na hiyo ndiyo mashine ya printa. Ingawa hiyo printa nayo ilikuwa imeanza maringo tangu wiki jana, kila kazi "Filter failed", nikawa nahamisha waya kwa mashine ya pili. Hiyo tutaiongea siku nyingine. Nisaidieni kwanza niingie.

tumbo_la_roysambu

Rudi Windows, dada. Linux ni ya watu wasio na foleni ya wateja.

fundi_wa_luthuli

Hiyo ni SSD. Stima ikikatika ghafla, hizi za bei ya chini huumia. Niletee town, nakuwekea nyingine na nakuhamishia kila kitu jioni hiyo hiyo.

pori_la_kodi

Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina na paswadi, kisha andika sudo chmod -R 777 /home. Kwangu ilisaidia.

kerneli_baridi

Dada, Ctrl+Alt+F3 ni sawa, lakini hiyo 777 iache kabisa. Ni kufungulia kila anayekaa kwa hiyo mashine kila faili la kila mtu, na hapo ni saiba. Halafu kama una funguo za SSH (za kuingilia mashine nyingine kwa mbali) ndani ya folda yako, SSH yenyewe itazikataa ikiona ziko wazi kwa wote. Utakuwa na shida mbili badala ya moja.

Mimi nimeshikwa na kitu ulichokipitia haraka: printa ilianza kukataa *kabla* ya stima kupotea. Usiiweke kando hiyo.

Mashine inayokubali paswadi kisha inakutema, mara nyingi ni moja ya mambo mawili. Ama diski imejaa, mfumo hauna mahali pa kuandika vifaili vya kuanzia kikao chako, ama faili la .Xauthority (kibali cha kikao chako cha madirisha) limegeuka kuwa la root, yule msimamizi mkuu wa mfumo, kwa sababu kuna siku mtu alifungua programu ya madirisha kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root. Ukishaingia kwa ile skrini nyeusi andika hizi, moja moja, utuletee majibu kama yalivyo:

    df -h /
    df -i /
    ls -l ~/.Xauthority

Hakuna inayobadilisha kitu. Zote zinatazama tu.

saiba_ya_kona

Nimeingia! Sikujua kuna chumba kingine nyuma ya hiki. Nanakili kutoka kwa picha ya simu:

    Filesystem  Size  Used  Avail  Use%  Mounted on
    /dev/sda2   109G  104G      0  100%  /

Ya pili, df -i, imesema 6%. .Xauthority ina jina langu, si root.

Lakini hesabu hainiingii. 109 toa 104 ni 5. Mbona inasema iliyobaki ni 0? Na ni nini kimejaa humo? Wateja hawahifadhi chochote hapa, wanakuja na flashi au wanafungua barua pepe.

kerneli_baridi

Hesabu yako iko sawa. Diski ya ext4 (mpangilio wa faili wa Linux) ikitengenezwa, asilimia 5 hutengewa root na mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuigusa. Kwa diski ya 109G ni hizo 5 unazozitafuta. Ndiyo maana kwa upande wako ni sifuri, na ndiyo maana sudo bado inafanya kazi. Bila hiyo akiba hata mimi ningekuwa nakuambia utafute flashi ya kuwashia.

Na sasa printa inaeleweka. CUPS, programu inayosimamia uchapishaji, haigeuzi kurasa yenyewe. Inawapa kazi hiyo vichujio vinavyokimbia kwa jina la mtumiaji anayeitwa lp. Huyo lp si root, kwa hivyo diski ikijaa hana pa kuandika. Anakufa, nawe unaambiwa "Filter failed". Hiyo wiki jana diski ilikuwa imeshafika ukingoni. Ulikuwa unaendelea kufanya kazi kwa sababu kikao chako kilikuwa kimefunguka zamani. Stima haikuharibu chochote, ilikulazimisha tu uingie upya.

Tafuta mlaji:

    sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h

Iliyo kubwa itakuwa chini, juu kidogo ya jumla. Ingia ndani yake, rudia.

kijana_wa_kahawa

Samahani kuingilia. Mimi nina Windows na Mint kwa laptopu moja. Nikitoka Linux nikiingia Windows, saa iko nyuma kwa saa tatu. Nikiirekebisha, nikirudi Linux iko mbele saa tatu. Ni betri ile ya duara?

mzee_wa_disketi

Si betri, kijana. Betri ya CR2032 ikifa, saa hurudi miaka nyuma kila ukichomoa chaja, na kivinjari kinaanza kugombana na kila tovuti kwamba cheti chake muda wake haujaanza. Yako ni saa tatu kamili, na Nairobi ni UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa. Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwa UTC, Windows inaisoma ikidhani ni saa ya hapa. Kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Upande wa Linux:

    timedatectl set-local-rtc 1

Itakupa onyo refu kuhusu majira ya kusogeza saa mbele na nyuma. Huko Ulaya onyo hilo lina maana. Hapa kwetu saa haisogezwi, lipuuze.

saiba_ya_kona

Nimempata. /var ni 81G, na ndani yake /var/log ni 79G! Faili mbili: syslog ni 40G, kern.log ni 38G. Hivi vilivyobaki ni vidogo.

pori_la_kodi

sudo rm -rf /var/log, kisha uzime uwashe. Kwisha.

mzee_wa_disketi

Pori, hebu pumzika kidogo.

Dada, usifute folda hiyo, ndimo mfumo unamoandika kumbukumbu zake. Kuna programu zinazotarajia kukuta folda zao humo zikiamka, na zisipozikuta zinagoma. Na hata ukifuta faili lenyewe kwa rm, nafasi huenda isirudi. Faili likiwa limeshikwa na programu inayoendelea kuliandikia, na hapa ni rsyslog, rm inaondoa jina tu kwenye orodha. Mwili unabaki kwenye diski hadi programu iliachilie. Nimeona watu wazima wakifuta 60G, df ikabaki 100%, wakaapa kwamba Linux ina pepo. Kuwaona hao mizimu kuna amri yake, sudo lsof +L1.

Dawa ni kulimwaga faili bila kuliondoa:

    sudo truncate -s 0 /var/log/syslog
    sudo truncate -s 0 /var/log/kern.log

LAKINI usimwage bado. Hayo 78G ni mashine inapiga kelele kuhusu jambo moja, na ukilimwaga bila kulisoma litajaa tena. Kwanza:

    sudo tail -n 12 /var/log/kern.log

saiba_ya_kona

Ni mistari ileile inajirudia, imejirudia. Sikuweza kupata mwisho wake nikipanda juu. Huu ni mfano:

    pcieport 0000:00:1c.5: AER: Corrected error received: 0000:00:1c.5
    pcieport 0000:00:1c.5: PCIe Bus Error: severity=Corrected, type=Physical Layer, (Receiver ID)

Wateja wawili wameshaenda kwa jirani. Nimwage?

mzee_wa_disketi

Mwaga. Umeshapata ushahidi.

saiba_ya_kona

Imerudi 26G used, 78G avail. Nimebonyeza Ctrl+Alt+F7, nimeweka paswadi, IMEINGIA. Mungu awabariki. Niko na foleni, narudi saa ya chakula.

kerneli_baridi

Nenda, lakini rudi kweli. Mistari hiyo inaendelea kuandikwa hata sasa hivi.

Kwa wanaosoma: syslog na kern.log zilikuwa karibu sawa kwa sababu rsyslog huandika ujumbe wa kerneli mara mbili, mara moja kwa kila faili. Hasara maradufu. Na usitegemee logrotate, ile programu ya kuondoa kumbukumbu za zamani, ikuokoe hapa. Kwa mipangilio yake ya kawaida inafuata ratiba, haifuati ukubwa wa faili. Unaweza kuongeza mstari wa maxsize 500M ndani ya /etc/logrotate.d/rsyslog, lakini yenyewe huamshwa mara moja kwa siku, na mafuriko ya aina hii hayangoji kesho. Journal ya systemd, daftari lingine la kumbukumbu, ndiyo ina adabu: isipoelekezwa vingine haipiti asilimia 10 ya diski, na hata diski iwe kubwa namna gani, mwisho wake ni 4G.

Turudi kwa ujumbe. AER ni sehemu ya kerneli inayoripoti makosa kwenye njia ya PCIe, ile inayounganisha ubao mkuu na vifaa kama kadi ya waifai. "Corrected" maana yake kosa limetokea na limesharekebishwa na vifaa vyenyewe, hakuna data iliyopotea. Ndiyo maana hukuona dalili yoyote kwenye waifai. Tatizo ni kwamba yanaripotiwa yote, usiku na mchana.

00:1c.5 si kadi yenyewe, ni mlango ambao kadi imeingilia. Kujua nani yuko nyuma ya mlango:

    lspci -tv

tumbo_la_roysambu

Kwa hivyo mashine imejiua kwa kuandika barua ya kulalamika. Sawa.

saiba_ya_kona · saa 7:20 mchana

Nimerudi. Nyuma ya 1c.5 kuna "Wireless Network Adapter". Na kern.log imeshafika mega 900, jamani. Asubuhi ilikuwa sifuri!

pori_la_kodi

Hii naijua, msinicheke. Weka pci=noaer kwa GRUB, ile programu inayoiwasha Linux. Inanyamaza mara moja.

kerneli_baridi

Safari hii umesema kitu, Pori, na inafanya kazi. Ila noaer ni kuziba masikio: makosa yanaendelea, kerneli inaacha kuyaripoti, na siku kosa likiwa si la "Corrected" hutasikia pia. Mimi ningeanza na pcie_aspm=off. ASPM ni mpango wa kuilaza njia hiyo ya PCIe isipotumika ili kuokoa betri. Kuna kadi zisizopatana na huko kulala na kuamka, na kila zikiamshwa zinatoa kosa. Ukizima ASPM, mara nyingi makosa yenyewe yanakoma. Gharama yake ni betri kuisha mapema kidogo, na mashine ya dada haina betri ya kuisha.

Ijaribu kwanza bila kuandika popote. Washa mashine huku unagusagusa Esc (kwa BIOS za zamani ni kushikilia Shift) hadi menyu ya GRUB itokee. Ukiwa juu ya mstari wa kwanza bonyeza e. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, acha nafasi moja, andika pcie_aspm=off, kisha F10. Hiyo ni ya mara moja tu, ukizima inasahaulika. Ikiwaka, hesabu:

    journalctl -k -b | grep -c AER

fundi_wa_luthuli

Nami niseme langu, na hapa siuzi SSD. Huo ujumbe una neno "Physical Layer". Nikiona hilo kwa laptopu ya mtumba, kabla ya kuhangaika na amri nafungua mfuniko wa chini. Hizi mashine zimefunguliwa na watu wengi kabla hazijafika kwako. Kadi ya waifai inashikwa na skrubu moja, na mara nyingi utakuta skrubu hiyo haipo au kadi imekaa upande. Meno yake ya dhahabu yana ukungu. Nachomoa, nasugua meno taratibu kwa rababu ya penseli, napangusa kwa spiriti, narudisha.

Ukitaka kufanya mwenyewe, chomoa chaja, halafu chomoa na plagi ya betri kwenye ubao hata kama betri imekufa. Nyaya mbili nyembamba za antena, nyeusi na nyeupe, piga picha zimekaa wapi kabla ya kuzitoa. Zinang'oka kwa kuinuliwa wima na ukucha. Ukizivuta kwa pembeni kale kasoketi kanabaki na waya, na hapo kadi ni ya kununua.

mzee_wa_disketi

Hii ndiyo tiba ninayoipenda zaidi. Fundi akiacha kuuza anakuwa mtu wa maana sana.

fundi_wa_luthuli

Mzee nawe!

saiba_ya_kona · saa 1:15 usiku

Nimefunga, sasa nina nafasi. Nilianza na ya GRUB. Menyu ilinisumbua, nilikuwa nachelewa kubonyeza Esc, halafu nikibonyeza sana inanipeleka kwa skrini nyeusi ya grub>. Nikaipata. Majibu:

    0

Sifuri, na mashine imewaka robo saa. kern.log haisogei. Naiwekaje ibaki?

kerneli_baridi

Vizuri sana. Sasa:

    sudo nano /etc/default/grub

Tafuta mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT. Yaliyomo ndani ya alama za kunukuu yaache, ongeza mwishoni, iwe hivi:

    GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash pcie_aspm=off"

Ctrl+O, Enter, Ctrl+X. Kisha sudo update-grub. Usiisahau hiyo, watu wengi wanahariri faili halafu wanashangaa mbona hakuna kilichobadilika. Ukishawasha upya, cat /proc/cmdline itakuonyesha kama kerneli imelisikia neno lako.

Na siku ukipita town, mpe fundi aiangalie hiyo kadi.

saiba_ya_kona

Imekaa. /proc/cmdline ina neno lenyewe.

Kituko kingine: nilipoingia, printa iliamka yenyewe ikaanza kutoa kazi zote za wiki jana zilizokuwa zimekwama! Kuna mteja alikuwa amebonyeza kuchapisha cheti cha PIN (namba ya kodi ya KRA) mara nyingi akidhani hasikiki. Karatasi zangu zimeisha kwa PIN ya mtu mmoja.

kijana_wa_kahawa

Pole 😂 Saa yangu imekubali, mzee asante.

kerneli_baridi

Ah, ningekuambia uifute foleni kwanza. Siku nyingine kabla ya kuunganisha printa:

    lpstat -o
    cancel -a

Ya kwanza inaonyesha kazi zinazongoja, ya pili inazifuta. Na ukiikuta printa imejizima, lpstat -p itasema disabled. Iamshe kwa cupsenable na jina la printa.

mzee_wa_disketi

Hapo kwa printa kuna jambo kubwa kuliko karatasi. Dada, andika hii utuambie unaona nini:

    sudo ls -lh /var/spool/cups

saiba_ya_kona

Kuna nyingi zinazoanza na c, na kadhaa zinazoanza na d, kama d00311-001. Ni nini?

mzee_wa_disketi

Zile za c ni kumbukumbu za kazi: nani, lini, jina la faili. Zile za d ni hati zenyewe. Isipoambiwa vingine, CUPS hukaa nazo siku nzima baada ya kuchapisha ili mtu akitaka zirudiwe. Kwa ofisi ya mtu mmoja haina neno. Kwa saiba, hizo ni vitambulisho, vyeti vya PIN, taarifa za benki na barua za korti za watu usiowajua. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwenye mashine ndiye anayeulizwa. Laptopu ikiibwa usiku huu, mwizi ameondoka na vitambulisho vya leo.

Fungua /etc/cups/cupsd.conf kwa sudo nano, ongeza mstari huu juu kabisa:

    PreserveJobFiles No

Kisha:

    sudo systemctl restart cups

saiba_ya_kona

Wueh. Sikuwahi kufikiria. Nimeweka, nimewasha CUPS upya. Za zamani zimebaki, nizifute?

mzee_wa_disketi

cancel -a -x. Hiyo x ndiyo inayofuta na faili za kazi, si foleni tu. Kama si wewe msimamizi wa printa itadai sudo.

saiba_ya_kona

Zimeisha, imebaki folda ya tmp. Kesho asubuhi kabla sijafungua nazifanyia na zile mashine zingine.

kerneli_baridi

Jua tu kwamba kuanzia sasa kitufe cha kurudia kazi iliyopita hakitafanya kazi. Mteja akitaka nakala ya pili, afungue faili lake upya.

saiba_ya_kona

Afadhali. Nakala ya pili nayo ni shilingi kumi.